Canterbury Inatafuta Askofu: Shajara ya Safari ya Kent

Jumapili, 2 Machi 2025, Ashford

Kiti cha Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Uingereza na wa kwanza miongoni mwa maaskofu wa Kianglikana duniani, kiko wazi tangu tarehe 6 Januari, siku ambayo Justin Welby alitimiza umri wa miaka 69 na kuikabidhi kazi yake. Alikuwa ametangaza kujiuzulu tarehe 12 Novemba, siku tano baada ya kuchapishwa ripoti ya uchunguzi ya Keith Makin kuhusu wakili John Smyth, aliyewapiga na kuwadhalilisha wavulana na vijana zaidi ya mia moja, kwanza Uingereza, baadaye Zimbabwe na Afrika Kusini, huku baadhi ya viongozi wa kanisa waliokuwa na habari wakishindwa kulifikisha jambo hilo mahali lilipostahili. Ninalitaja mapema kwa sababu ninaamini kwamba katika nyumba nyingi tutakazobisha hodi wiki hii, habari hiyo itakuwa imetutangulia kuingia.

Tangu tarehe 6 Februari hadi tarehe 28 ya mwezi huu, mtu yeyote anaweza kueleza Kanisa la Uingereza linahitaji Askofu Mkuu wa namna gani, mwenye karama na sifa zipi, na akipenda anaweza kupendekeza jina. Njia iliyotangulizwa ni fomu ya mtandaoni, na halmashauri ya mtaa wetu wa kanisa iliona upesi kwamba wengi wa waumini tunaowafahamu hawataigusa: wazee wasiotumia kompyuta, walezi wa zamu za usiku wanaolala mchana, na wageni ambao Kiingereza chao kinatosha kazini lakini hakitoshi kueleza jambo la moyoni. Ikaamuliwa kwamba watu wawili wawaendee, wawasikilize, waandike walichosema na kukituma kwa niaba yao. Mmoja ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa kike aliyezaliwa hapa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwenye gari na mwandiko unaosomeka. Wa pili ni mimi, mzaliwa wa Muheza, ambaye nimechukua likizo kwa ajili hiyo.

Baada ya misa ya leo tuliwaeleza wenzetu jambo ambalo tutalirudia kila tutakapokwenda, kwamba hatukusanyi kura. Atakayependekezwa atapatikana kwenye tume yenye wapiga kura 17: mwenyekiti mlei anayeteuliwa na Waziri Mkuu, maaskofu wawili, wajumbe sita waliochaguliwa na Sinodi Kuu, yaani bunge la kanisa, watatu wa dayosisi ya Canterbury, na watano kutoka sehemu nyingine za Ushirika wa Anglikana duniani, mmoja kwa kila kanda, Afrika ikiwa na wake. Jina lazima lipate theluthi mbili ya kura, na kura ni za siri. Kisha jina hilo humfikia Mfalme kupitia kwa Waziri Mkuu. Maoni ya waumini husomwa kabla ya hayo yote, na nguvu yake inategemea masikio ya watakaoyasoma.

Kwa mtu aliyelelewa kwetu, hilo linahitaji kuzoewa. Tanzania askofu wa dayosisi huchaguliwa na sinodi, mapadre na walei wakiketi pamoja na kupiga kura, na ingawa kampeni za chinichini zimewahi kuleta uchungu ambao sote tunaujua, mjumbe aliyetoka kijijini hurudi nyumbani akiwa na hakika kwamba karatasi yake ilihesabiwa. Hapa mjumbe wa kijiji anaulizwa, anashukuriwa, na anasubiri kutangaziwa.

Jambo lililoniamsha zaidi ni lile la watatu na watano. Hadi mwaka 2022 dayosisi ya Canterbury ilikuwa na wajumbe sita kwenye tume na dunia nzima ya Waanglikana nje ya Uingereza ilikuwa na mmoja. Sasa wenye dayosisi wamepunguzwa nusu, na wa mbali wameongezwa. Nilipolisema hilo ukumbini, bibi mmoja aliuliza kwa sauti, bila hasira: "Basi huyu askofu ni wa nani?" Nimeliandika swali lake juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumatatu, 3 Machi, Romney Marsh

Uwanda huu wa kusini mwa Ashford uliporwa kutoka baharini kidogo kidogo kwa mitaro na kuta za udongo, na hadi leo maji yako kila upande wa barabara. Kondoo ni wengi kuliko watu. Makanisa nayo ni mengi kuliko idadi ya watu inavyoruhusu, kwa kuwa yalijengwa zama ambazo uwanda ulikuwa na utajiri na bandari zake zilikuwa hai. Kanisa la Mtakatifu Thomas Becket la Fairfield limesimama peke yake malishoni, bila nyumba jirani, na ukiingia ndani unakuta viti vya boksi vilivyopakwa rangi nyeupe na mimbari ya ngazi tatu. Brookland, mnara wa kengele ni wa mbao na umejengwa chini, kando ya kanisa. Padre mmoja huyazungukia makanisa kadhaa, na ziko Jumapili ambazo mlango fulani haufunguliwi kabisa.

Mfugaji wa kwanza tuliyemwendea alikuwa bandani, kwa kuwa huu ni msimu wa kondoo kuzaa na hakuweza kuondoka. Aliongea huku mikono yake ikiendelea na kazi. Alituambia kwamba katika maisha yake hakumbuki kumwona Askofu Mkuu katika uwanda huu, na kwamba halalamiki, kwa sababu anajua huyo mtu anaishi Lambeth, London, anaketi katika Baraza la Malordi na anazunguka dunia. Askofu wao, alisema, ni wa Dover. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa vitendo: Askofu wa Dover hupewa mamlaka ya kuiendesha dayosisi ya Canterbury siku kwa siku, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo imo mikononi mwa Rose Hudson-Wilkin, mzaliwa wa Montego Bay, Jamaika. Mfugaji akatuuliza kama fomu yetu ina mahali pa kuandika kwamba yule wa Dover asiguswe. Mwenzangu akaandika.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mjane anayetunza funguo na hesabu za kanisa dogo la kijiji chao. Tulimsomea swali la kwanza, kuhusu mahitaji ya kanisa na ya dunia katika miaka ijayo. Akanyamaza, kisha akatuambia kuhusu paa. Wezi waliwahi kubandua madini ya risasi yaliyolifunika, maji yakaingia hadi kwenye kinanda, bima ikalipa sehemu tu, na wakati huohuo mchango ambao kila mtaa hutoa kwa dayosisi haukusubiri. Mwenzangu, kwa uzoefu wa ualimu, alijaribu kumrudisha kwenye swali. Mjane akamtazama na kusema kwamba hajatoka kwenye swali. Nadhani alikuwa sahihi. Mtu aliyebaki peke yake na funguo za kanisa lenye umri wa miaka mia nane hawezi kuulizwa mahitaji ya dunia akaanzia mahali pengine.

Niliona pia kwamba karibu kila aliyeulizwa kuhusu Askofu Mkuu alijibu kuhusu padre: padre aliyekuwepo, padre aliyehama na nafasi yake kukaa wazi muda mrefu, padre anayewazika. Fomu ingeweza kuyachukua majibu hayo kama yamepotea njia. Tumekubaliana kwamba tutayaandika jinsi yalivyosemwa, bila kuyatafsiri kuwa maneno ya ofisini kama "uongozi wenye maono".

Jumanne, 4 Machi, Folkestone na Dover

Leo ni siku ya kuamkia Kwaresima, na kumbi za makanisa zilinukia chapati za maji zinazoliwa siku hii kote Uingereza. Tulitumia nafasi hiyo, kwa kuwa watu wakila huongea.

Folkestone haikutupa mengi. Dover ilitupa mgawanyiko. Ukumbini palikuwa na wanaume wawili waliowahi kufanya kazi kwenye meli za kwenda Calais, Ufaransa, marafiki wa miaka mingi, na wote wawili walianza na jambo lilelile: mahubiri ya Pasaka ya mwaka 2022, ambapo Welby, akiwa katika Kanisa Kuu la Canterbury, aliukosoa mpango wa serikali wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi waliovuka mkondo wa bahari kwa maboti madogo. Mmoja alitaka tuandike kwamba Askofu Mkuu ajaye aiache siasa kwa wanasiasa, maana Dover ndiyo inayoyaona maboti kila siku na haikuulizwa. Mwingine alitaka tuandike kwamba mahubiri yale ndiyo yaliyomrudisha kanisani. Tuliandika yote mawili kwenye karatasi mbili tofauti, na kila mmoja akaomba kuisoma ya mwenzake kabla hajatia sahihi yake.

Mpango wenyewe ulifutwa Julai 2024 baada ya serikali kubadilika, bila mtu yeyote kuwa amepelekwa Kigali kwa nguvu. Lakini hapa Dover mtu akitaja kwamba natoka Afrika Mashariki, mazungumzo hupitia Rwanda kwanza, na mara mbili nimelazimika kueleza kwamba Muheza iko mbali na huko.

Jumatano, 5 Machi, Canterbury

Jumatano ya Majivu. Tulifika mapema kwa treni, tukapanda kwanza hadi Kanisa la Mtakatifu Martin, nje kidogo ya kuta za mji wa kale. Hapo ndipo Malkia Bertha, binti wa kifalme wa Wafranki, aliposali akiwa Mkristo katika nchi ya mume asiye Mkristo, kabla Agostino, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Canterbury, hajafika mwaka 597 akiwa ametumwa na Papa Gregori. Wageni wengi huanza hadithi ya Canterbury kwa Agostino. Mimi ningeianza kwa mwanamke huyu, kwa kuwa mmishonari alipokuja alikuta tayari pana mahali pa kusalia.

Kanisa Kuu lilikuwa na watu wengi. Nilipita mahali ambapo Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa tarehe 29 Desemba 1170, kisha nikasimama mbele ya kiti cha mawe kiitwacho kiti cha Agostino, ambacho Askofu Mkuu huketishwa juu yake anaposimikwa. Ni cha karne ya 13, kizito, kisicho na pambo la maana. Mzee mmoja anayejitolea kuwaongoza wageni alitueleza sehemu ya utaratibu ambayo sikuwa nimeielewa. Tume ikishamaliza kazi, Mfalme huwapa makanoni wa Kanisa Kuu, yaani wajumbe wa baraza lake, ruhusa ya kumchagua askofu, na pamoja na ruhusa hiyo huja barua yenye jina la wa kuchaguliwa. Jina ni moja. Sheria hiyo ni ya enzi za Henry VIII na bado inatumika. Kwa hiyo uchaguzi upo, na wapiga kura wapo, na matokeo yanajulikana kabla hawajaketi. Mzee aliyasema hayo bila kutabasamu, nami nikajizuia kumwambia kwamba kwetu wako watu ambao wangeupenda sana utaratibu huo.

Jioni tuliketi na kikundi katika ukumbi wa mtaa mmoja wa hapa mjini. Wanafunzi walitaka mtu kijana. Wazee walikumbusha kwamba maaskofu hustaafu wakiwa na miaka 70, na kwamba aliye kijana sana atakaa muda mrefu kuliko uvumilivu wao. Mama mmoja alitaka mtu anayeweza kusimama mbele ya mfalme na mbele ya mfungwa kwa sauti ileile, na akakumbuka jinsi dunia ilivyomtazama Askofu Mkuu akimvika taji Mfalme Charles tarehe 6 Mei 2023. Suala la baraka kwa wapenzi wa jinsia moja lilizuka, likazunguka meza, likaacha watu kimya zaidi kuliko lilivyowakuta. Tuliandika pande zote.

Kabla hatujafunga, mwanamume wa makamo ambaye alikuwa hajasema neno aliomba kalamu. Hakutaka tumwandikie. Aliandika mstari mmoja, akaikunja karatasi, akanirudishia akisema kwamba tunaruhusiwa kuisoma lakini tusimuulize lolote. Mstari ulisema: "Nitakapomwambia, aniamini mara ya kwanza." Sikulala mapema. Nilimfikiria kijana wa miaka 16 aliyekufa mwaka 1992 kwenye kambi ya Smyth nchini Zimbabwe, na nikafikiri kwamba tume ile yenye watu 17 ikisoma majibu maelfu kwa maelfu, huu mstari unaweza kupita machoni pao kwa nukta moja tu ya saa. Nimeupa karatasi yake, bila kuuchanganya na maoni mengine ya Canterbury.

Alhamisi, 6 Machi, Margate

Siku nyembamba. Treni ilichelewa, upepo wa bahari ulikuwa mkali, na nyumba nyingi tulizoelekezwa hazikuwa na watu. Katika ghala la chakula cha bure linaloendeshwa kanisani tulikuta foleni ndefu, tukaona aibu kuwasimamisha watu na karatasi zetu wakati wanasubiri mkate. Tulisaidia kupanga makopo. Msichana mmoja aliyekuwa akipanga nasi alisema kwamba hajui Askofu Mkuu hufanya nini hasa, na akatuuliza kwa dhati. Mwenzangu alimweleza kwa dakika kadhaa. Msichana akafikiri, kisha akasema kwamba kazi hiyo inaonekana ni ya watu watatu, na kwamba tuandike hivyo. Tangu Jumapili sijasikia maoni ya kitaalamu kuliko hayo.

Ijumaa, 7 Machi, Maidstone

Ijumaa ya kwanza ya Machi ni Siku ya Maombi ya Dunia, na ibada ya mwaka huu iliandaliwa na wanawake Wakristo wa Visiwa vya Cook katika Pasifiki. Maidstone ilikuwa imejaa kina mama wa madhehebu mbalimbali, na miongoni mwao nilisikia, kabla sijawaona, watu wakiongea Kiswahili nyuma yangu. Mmoja alikuwa mama wa Korogwe, muuguzi aliyefanya kazi Kent tangu watoto wake wakiwa wadogo. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijamaliza kujieleza alikuwa amekwisha kunijua mimi ni wa ukoo gani wa Muheza. Wa pili alikuwa mama wa Kakamega, mlezi katika nyumba ya wazee. Mwenzangu aliniachia kalamu, akaenda kutafuta chai.

Hapa ndipo swali la bibi wa Ashford lilipopata uzito wake. Mama wa Kakamega alisema kwamba yeye ni wa dayosisi ya Canterbury kila Jumapili, na ni wa Kanisa Anglikana la Kenya kila anapopiga simu nyumbani, na nyumba hizo mbili hazisemeshani vizuri. Mwezi Februari 2023 Sinodi Kuu ya Uingereza iliunga mkono sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Mwezi Aprili viongozi wengi wa Kianglikana, wengi wao wakiwa Waafrika, walikutana Kigali na kutangaza kwamba hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kama wa kwanza miongoni mwao. "Sasa mwanangu," aliniambia, "kule wanasema huyu si kiongozi wetu, na huku ninaombwa niseme awe nani. Niseme nikiwa wapi?"

Mama wa Korogwe hakulikubali hilo moja kwa moja. Alikumbusha kwamba mwaka 1960 ni Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliyekuja Dar es Salaam kulizindua jimbo la Afrika Mashariki na kuyaachilia makanisa yetu yajiongoze, Leonard Beecher akawa Askofu Mkuu wa kwanza, na kwamba mwaka 1970 Kenya na Tanzania zikagawana, John Sepeku akatuongoza sisi na Festo Olang' akawaongoza wao. Kwa hoja yake, tangu hapo Canterbury haikuwa na amri juu yetu, na kwa hiyo hakuna cha kukataa. Kilichobaki ni undugu, na ndugu hamchagui mzazi wake lakini anaweza kumtembelea. Mama wa Kakamega akajibu kwamba hata ziara ina masharti. Waliendelea hivyo kwa heshima kubwa na bila kuachiana, na mimi nikawa karani tu.

Nilipouliza kama wangekubali mwanamke, nilitarajia ugomvi mwingine. Mama wa Kakamega alishangaa kwamba nauliza. Kenya, alisema, Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021, na mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa dayosisi ya Butere, jirani kabisa na kwao. Uingereza ilipata askofu mwanamke wa kwanza, Libby Lane, Januari 2015. Kwake suala lilikuwa limekwisha jibiwa nyumbani. Mama wa Korogwe alifikiri muda mrefu zaidi. Kwetu Tanzania, alisema, hatujafika huko, naye hapendi kulisemea kanisa lake akiwa ugenini. Kisha akaniambia niandike hivi: jinsia aachiwe Mungu, lakini mtu huyo awe amewahi kumwogesha mgonjwa. Nikamuuliza kama anamaanisha hivyo hasa au ni mfano. Alisema anamaanisha hivyo hasa.

Mwenzangu alirudi na chai, akaniuliza tulikuwa tunacheka nini. Nilimtafsiria. Alisema kwamba kwa wiki nzima hajasikia sifa iliyo rahisi kupima kama hiyo.

Jumamosi, 8 Machi, Kisiwa cha Sheppey

Tulivuka daraja asubuhi. Kisiwa hiki kina kanisa la kale la Minster, lililoanza kama monasteri ya Mtakatifu Sexburga katika karne ya 7, na kina magereza matatu. Maoni yalikuwa machache na mafupi: basi zimepungua, vijana wanahama, askofu yeyote atakayekuja aje siku ya kawaida na si siku ya sherehe. Mzee anayejitolea kuwatembelea wafungwa alituomba karatasi tupu, akasema mwaliko unasema mtu yeyote na yeye atauchukua kama ulivyoandikwa.

Jumapili, 9 Machi, Ashford

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Mchana tuliketi mezani kwa mwenzangu na bahasha nene ya karatasi, tukaanza kuingiza majibu mtandaoni na kuandaa yale ambayo wenyewe walitaka yaende kwa maandishi ya mkono.

Tulibishana mara moja tu, lakini kwa kirefu. Yeye alipenda tuambatishe barua ya utangulizi inayoonyesha mambo yaliyojitokeza mara nyingi, kwa kuwa msomaji mwenye haraka huhitaji kuongozwa. Mimi nilipinga. Niliona kwamba yanayojirudia yangemeza yale yaliyosemwa na mtu mmoja: karatasi ya Canterbury, kazi ya watu watatu ya Margate, mgonjwa wa kuogeshwa. Alijibu kwamba bila utangulizi yote yatamezwa. Mwisho tuliandika barua fupi sana inayoeleza ni akina nani tuliowaendea na kwa nini wasingeijaza fomu wenyewe, bila kusema walitaka nini, na karatasi zikafuata kwa mpangilio wa safari.

Majina yaliyopendekezwa sitayaandika hapa. Yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Wengi walisema hawamjui askofu yeyote isipokuwa wa Dover, na mmoja alimpendekeza mume wake.

Kuhusu swali la bibi, nimesikia majibu mawili yasiyopatana. Watu wa uwanda wa Romney wanasema Askofu Mkuu ni wa dunia, nao wameridhika kubaki na wa Dover, na kwa hiyo kupunguzwa kwa wajumbe wao hakukuwauma kama nilivyodhani. Watu wa dunia, yaani sisi tuliotoka majimbo ya mbali, tulitaka kwanza awe askofu wa mahali, mwenye wagonjwa na wafungwa na mapaa anayoyajua, ndipo tumheshimu huko kwetu. Kila upande unamwachia mwenzake. Sijui kama kuna kisanduku cha fomu kinachochukua jambo hilo, kwa hiyo nimeliandika kama maoni yangu mwenyewe, na kutia jina langu.

Ijumaa, 3 Oktoba, Ashford

Ninaufungua tena ukurasa huu kwa sababu jina limetangazwa leo asubuhi. Ni Sarah Mullally, askofu wa London tangu mwaka 2018, ambaye kabla ya kuwa padre alikuwa muuguzi na akafikia kuwa Ofisa Mkuu wa Uuguzi wa Uingereza mwaka 1999. Atakuwa wa 106 katika kiti hicho na mwanamke wa kwanza. Imeelezwa kwamba zaidi ya watu 11,000 walitoa maoni.

Mama wa Korogwe alinipigia simu kabla sijamaliza kusoma habari. Hakujisifu, aliuliza tu kama ile karatasi yake tuliituma kweli. Mama wa Kakamega alinitumia ujumbe mchana, baada ya Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda kutoa tamko la masikitiko kwa niaba ya viongozi wale waliokutana Kigali: ameandika kwamba simu za nyumbani zitakuwa ndefu. Jirani yangu Mkatoliki amenitania kwamba wao walimzika Papa Francis na kumpata Papa Leo XIV ndani ya siku 17 tangu kifo, sisi tumetumia karibu mwaka mzima kwa mtu aliyekuwa London muda wote.

Bado makanoni wa Canterbury wanapaswa kukutana na kumchagua jina lililo moja, kisha uchaguzi uthibitishwe kisheria, ndipo awe Askofu Mkuu kamili. Siku hiyohiyo kiti cha London kitabaki wazi, na dayosisi hiyo itaanza kuwauliza waumini wake wanataka askofu wa namna gani. Mpwa wangu anayeishi Tottenham amekwisha kuniomba nimtumie karatasi yetu ya maswali.